Daftari la Wasomaji Wawili

Katika maduka ya mitaani, Manzese na Mbagala, Kawangware na Majengo, kuna daftari ambalo kwa miaka mingi limekaa chini ya meza ya mwenye duka. Ni daftari la shule tu, jalada limekunjamana na kuingia mafuta, na ndani mna majina ya wateja: mama wa chumba cha pili, fundi baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi. Mbele ya kila jina pameandikwa unga kilo 2, sukari robo, sabuni kipande kimoja, na tarehe. Tumelizoea mno hata hatulioni kuwa ni chombo. Lakini ni chombo, na kina sifa zake. Deni linapoandikwa, mdaiwa huwa amesimama pale pale. Kama mwenye duka ameandika kilo 3 badala ya 2, husema papo hapo na kosa likafutwa. Maandishi yako katika lugha wanayoielewa wote wawili. Siku ya kulipa, mstari unapigwa juu ya deni mbele ya macho ya aliyelipa. Na mwenye duka akisikia kwamba mtoto wa nyumba ile amelazwa, anaweza kufunua ukurasa mwingine na kusubiri hadi mwisho wa mwezi ujao. Daftari hilo lina wasomaji wawili, anayedai na anayedaiwa, na kila mmoja ana neno juu ya kilichoandikwa.

Nimeanza hapo kwa sababu kila tunapozungumzia namna simu na intaneti zinavyobadilisha maisha ya kila siku, mazungumzo hukimbilia kwenye kasi na wepesi. Fedha zinatoka Dar es Salaam na kufika Sumbawanga kwa dakika moja. Ada inalipwa bila foleni. Umeme unanunuliwa mtu akiwa kitandani. Upande wa lawama nao tunaujua: vijana wanainamia simu wakati wa chakula, habari za uongo zinasambaa, bando linakula mshahara. Yote hayo yapo na yana uzito wake. Hata hivyo naona badiliko lililo kubwa kuliko hayo ni kwamba kumbukumbu ya maisha yetu ya kila siku imehama. Nani amenunua nini, nani anamdai nani, nani anamtumia mama yake na kwa kiasi gani, nani huishiwa tarehe 20 ya kila mwezi: haya yalikuwa yakikaa vichwani mwa watu na katika madaftari yaliyotapakaa mitaani. Leo yanakaa katika kumbukumbu za kampuni za simu, benki, wakopeshaji na serikali. Kuhama huko kumeleta neema kubwa, nami sitaipunguza. Ninachokisema leo ni kwamba katika kuhama, msomaji mmoja ameachwa nyuma. Yule anayeandikwa hasomi tena kilichoandikwa juu yake. Pengo hilo linadhuru watu halisi, na liko ndani ya uwezo wetu kulifunga.

Tuangalie historia kidogo, maana inafundisha. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya, pamoja na Vodafone ya Uingereza na kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, ilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu ikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la kwanza lilikuwa jembamba: wakopaji walipe marejesho yao kwa simu badala ya kubeba fedha hadi kwenye mikutano ya vikundi. Waliopewa simu wakaanza kuitumia kwa mambo ambayo waliobuni hawakuyaweka mbele. Wakatumiana fedha wao kwa wao, wakalipana, wakaziacha fedha humo usiku kucha kwa kuogopa wezi. Waliobuni wakawa na busara ya kuona, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikiitwa M-Pesa, tangazo lake lilikuwa juu ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kwa hiyo chombo kilichokusudiwa kukusanya madeni kiligeuzwa na watu wenyewe kuwa njia ya kuwatunza wazazi, kusomesha wadogo na kuchangia misiba. Hilo ni jambo la kujivunia, na linaonyesha kwamba teknolojia haina hatima iliyoandikwa tangu kiwandani. Watumiaji wana sauti pale wanachofanya kinapopewa nafasi ya kuonekana.

Na matokeo yake yamepimwa. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa. Waligundua kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa takribani asilimia 7, ilhali ya kaya zilizokuwa nayo hayakushuka, kwa sababu ndugu na marafiki waliweza kuwatumia kitu hata kutoka mbali. Katika makala yao ya mwaka 2016 wakakadiria kwamba huduma hiyo imezitoa kaya 194,000 katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walitoka kwenye kilimo wakaingia katika biashara. Utafiti wa kitaifa wa FinAccess nao unaonyesha kwamba Wakenya wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 mwaka 2006, na kufikia 2024 wakawa asilimia 84.8. Mtu akikuambia simu imetuletea upuuzi mtupu, mwoneshe takwimu hizo.

Sasa tuone kilichofuata. Novemba 2012, Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari, akiba na mikopo kupitia simu. Miaka miwili baadaye Tanzania ikapata M-Pawa kwa mfumo wa aina hiyo hiyo. Baadaye zikaja huduma za kukamilisha muamala wakati salio halitoshi: Fuliza kwa Wakenya mwaka 2019, na kwa Watanzania Songesha na nyinginezo. Pembeni yake zikachipuka programu tumizi nyingi za mikopo ambazo hazina hata ofisi inayojulikana. Chombo kikarudi kwenye madeni, ila safari hii kikiwa na kitu ambacho Faulu ya mwaka 2005 haikuwa nacho, yaani kumbukumbu za miaka mingi za nani hutuma, hupokea, hununua vocha na kwa utaratibu gani. Kumbukumbu hizo huingizwa katika hesabu, hesabu hutoa alama, na alama huamua mtu akopeshwe kiasi gani au asikopeshwe kabisa. Mteja anachokiona ni jibu tu. Leo kikomo chako ni shilingi 5,000, kesho ni 800, keshokutwa ni sifuri. Kwa nini kimeshuka? Kwa kuwa alichelewa siku mbili mwezi wa tatu? Kwa kuwa wiki hii mauzo ya samaki yalikuwa mabaya? Hana pa kusoma.

Zaidi ya hapo, deni la aina hii hujilipa lenyewe. Mwenye deni la Fuliza akiingiziwa fedha, mfumo hukata kilicho chake kwanza, ndipo kilichobaki kionekane. Kibiashara ni jambo la maana, nalo linapunguza hatari ya mkopeshaji. Lakini tufikirie fedha hizo ni zipi. Zinaweza kuwa shilingi 700 ambazo kaka amemtumia dada yake kwa dawa ya mtoto. Kaka hakuwa analipa deni la dada. Hakujua hata kama lipo. Mwenye duka wa mtaani angeziona fedha zile mkononi mwa mama anayekwenda duka la dawa na kuziacha zipite, kwa sababu angejua zinakwenda wapi. Mfumo hauna habari hiyo, na hauna mahali ambapo mama anaweza kuiingiza.

Madhara yake si ya kubahatisha. Utafiti wa taasisi ya CGAP uliochapishwa mwaka 2018 juu ya wanaokopa kupitia simu katika Kenya na Tanzania ulionyesha kwamba karibu nusu ya wakopaji wa Kenya, na zaidi ya nusu ya wale wa Tanzania, waliwahi kuchelewa kurejesha. Wengi walikopa kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, si kwa biashara kama matangazo yalivyokuwa yakiahidi. Ada ya M-Shwari ilipoanza ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akikopa hivyo mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka ni asilimia 90. Kampuni ya MicroSave Consulting iliwahi kueleza kwamba Wakenya milioni 2.7 walikuwa wameorodheshwa vibaya katika kampuni za taarifa za mikopo, zile ambazo watu huziita CRB, na kwamba takribani 400,000 kati yao waliorodheshwa kwa deni lisilozidi shilingi 200. Shilingi 200 za Kenya hazifiki bei ya chakula cha mchana cha watu wawili katika hoteli ya kawaida ya Nairobi. Kwa kiasi hicho mtu anaweza kunyimwa mkopo wa pembejeo, na wapo walioombwa cheti cha CRB walipokwenda kutafuta kazi, wakajua siku hiyo hiyo kwamba jina lao lina doa. Deni la duka halikuwahi kumfuata mtu hadi kwenye usaili.

Hapa najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa, na pingamizi lake ni zito kuliko yote, hivyo nitalipa nafasi. Atasema: unalipamba daftari la zamani. Mwenye duka alikuwa na upendeleo. Alimkopesha mtu wa kwao na kumnyima mgeni aliyehamia mtaani jana. Alijua siri za nyumba za watu na alizitangaza. Mwanamke aliyetunza akiba katika kibubu chini ya kitanda alikiona kimevunjwa na mume au shemeji, na aliyekwenda benki aliulizwa hati ya nyumba isiyo na jina lake. Mkopeshaji wa riba wa mtaani alichukua televisheni na cherehani mbele ya watoto. Simu yenye namba ya siri imempa mwanamke huyo mahali pake mwenyewe pa kuweka fedha, na hesabu ya kompyuta haimuulizi kabila lake wala dini yake. Kwa nini basi tulilie kumbukumbu za watu?

Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Kumbukumbu za watu zilikuwa na ukatili wake, na wanawake 185,000 niliowataja hawakuingia katika biashara kwa sababu walikotoka kulikuwa kuzuri. Sitetei kurudi huko. Lakini tazama jambo moja katika dhuluma hizo zote: zilionekana. Mgeni aliyenyimwa unga alijua amenyimwa na nani, na mara nyingi alijua kwa nini. Aliweza kwenda duka la pili, kumlalamikia mjumbe wa nyumba kumi, au kumwomba jirani amdhamini. Upendeleo wa hesabu ya kompyuta hauna uso. Kama hesabu imejifunza kwamba watu wanaonunua vocha kidogo kidogo ni hatari, basi imewaadhibu vibarua wote wanaolipwa kwa siku, bila kuwachukia na bila hata kuwataja. Mchuuzi wa mbogamboga ambaye fedha zake nyingi bado ni taslimu anaonekana katika simu kuwa maskini kuliko alivyo, ilhali mtu anayezungusha fedha zile zile kati ya laini tatu anaweza kuonekana ana mzunguko mkubwa. Kosa la namna hiyo haliwezi kulalamikiwa na asiyeliona. Na hata ile siri ambayo simu imempa mwanamke dhidi ya mume wake, haijampa dhidi ya kampuni inayohifadhi kila muamala wake.

Pingamizi la pili husemwa haraka: watu wamekubali wenyewe, walibonyeza neno la kukubali. Kisheria huenda. Lakini masharti hayo huwa kurasa kadhaa za lugha ya mawakili, mara nyingi kwa Kiingereza, juu ya kioo kisichozidi kiganja, mbele ya mtu ambaye mwanawe ametumwa nyumbani kwa ada. Tena katika programu nyingi za mikopo aliyekubali hakujitoa peke yake. Alitoa ruhusa ya kusomwa orodha nzima ya namba katika simu yake, na watu wa orodha hiyo hawakubonyeza chochote. Kilichofuata katika Kenya na Tanzania kinajulikana: mtu akichelewa, ujumbe unatumwa kwa bosi wake, mchungaji wake, mkwe wake, kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Watanzania waliita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina halikutiwa chumvi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na bila kufuata mwongozo iliokuwa imeutoa mwaka huo huo. Hatua hiyo ilistahili kupongezwa. Ila orodha za namba zilizokwisha kunakiliwa hazikurudi kwa wenyewe kwa sababu programu imefungwa.

Serikali nayo ni msomaji, na hili tulilijifunza Watanzania Julai 2021 ilipoanzishwa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Fedha iliyopewa kondakta wa basi ampelekee bibi kijijini isingeweza kutozwa, kwa sababu haikuandikwa popote. Fedha ya simu iliweza, kwa kuwa njia yake yote iko wazi kwa anayeidhibiti. Watu walipiga kelele, wengine wakarudi kwenye taslimu na kwa makondakta, miamala ikapungua, na Septemba mwaka huo huo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Sisemi kodi ni dhambi. Zahanati na madarasa hujengwa kwa kodi. Ninachokiona katika mfano huu ni kwamba hapa wananchi waliweza kujibu kwa sababu tozo ilionekana. Ilikuja kama mstari katika ujumbe wa simu: umetozwa kiasi hiki. Pale ambapo makato yalisomeka, mjadala wa kitaifa uliwaka ndani ya wiki na sera ikabadilika ndani ya miezi miwili. Alama za mikopo zimeamua maisha ya watu kwa zaidi ya miaka 10, na hakuna mjadala wa ukubwa huo, kwa sababu hazisomeki.

Kuna upande mwingine ambao unaisumbua hoja yangu, na sitaki kuuruka. Katika makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi na misiba, tatizo ni kinyume: wasomaji ni wengi mno. Orodha inawekwa asubuhi na jioni, jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, salio la ahadi. Watu 200 wanaona kwamba fulani aliahidi laki moja na ametoa elfu 20. Zamani daftari la rambirambi lilikuwepo, tena lilisomwa na wafiwa na kukumbukwa msiba mwingine ulipotokea. Lakini lilisomwa na wahusika, na aliyetoa kidogo kwa kuwa hana alihifadhiwa na wazee waliojua hali yake. Orodha ya simu inamwanika mbele ya watu asiowajua. Wapo wanaokopa kwa simu ili kumaliza ahadi ya mchango, na hapo mambo mawili ninayoyazungumzia yanakutana katika nyumba moja: aibu ya kusomwa na wengi inamsukuma mtu kwenye deni linalosomwa na mmoja. Kwa hiyo siombi kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu. Naomba kumbukumbu ya mtu iwe wazi kwake kwanza, na kwa wengine kwa kadiri jambo lenyewe linavyohitaji. Makundi ya michango yanaweza kulifanya hili bila sheria yoyote: mweka hazina atangaze jumla, amtumie kila mchangiaji risiti yake faraghani, na orodha kamili wapelekewe wenye shughuli.

Kwa upande wa mikopo, watu wa biashara watasema hesabu ikilegezwa, wakopaji hawatalipa na huduma itakufa. Ni hofu ya haki, kwa maana mikopo isiyolipwa ilikuwa sehemu ya tatizo lenyewe. Lakini Kenya imekwisha kujaribu kulegeza. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliamuru kwamba madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 yasiorodheshwe katika CRB, na ikawaondolea wakopeshaji wa mtandaoni wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina huko. Novemba 2022 ikaja na mpango wa kurekebisha hali ya wakopaji: mabenki yatoe punguzo la angalau nusu ya deni kwa mikopo ya simu ya muda usiozidi siku 30 iliyokuwa haijalipwa, nao wakopaji wapewe nafasi ya kulipa kilichobaki. Benki Kuu ilieleza kwamba waliohusika ni zaidi ya watu milioni 4.2, na kwamba mikopo yenyewe, takribani shilingi bilioni 30, ilikuwa asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya mabenki. Hakuna benki iliyofunga milango kwa sababu hiyo. Mifumo tunayoambiwa haiwezi kusamehe ilisamehe ilipoelekezwa. Huruma ya mwenye duka inaweza kuandikwa kuwa kanuni, na kanuni hiyo ikamfikia hata yule mgeni ambaye mwenye duka angemnyima.

Sheria za kulinda taarifa binafsi tunazo. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, ikiwa na Tume yake. Zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoshikwa, kuzisahihisha, na kuhoji uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Kenya pia humpa kila mtu haki ya ripoti moja ya CRB bila malipo kila mwaka. Udhaifu ni kwamba haki hizi zote zinaanza pale mtu anapokwenda kuuliza, na haendi kuuliza asiyejua kwamba ameandikwa. Kwa wazee ni vigumu zaidi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofanyika Tanzania, ukiishia Januari 2020, wengi hawakuwa bado na namba ya kitambulisho cha taifa, na wapo waliosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au jirani. Bibi anauza nazi miaka yote, analipa kwa uaminifu, na kumbukumbu za uaminifu huo zinajengeka kwa jina la mjukuu. Akienda kudai taarifa zake, kisheria si zake.

Ndiyo maana mzigo haufai kubaki kwa anayeandikwa. Aliyeandika ndiye aanze kusema. Mteja anaponyimwa mkopo au kushushiwa kikomo, ujumbe unaokuja huwa na sentensi moja ya kumtaka ajaribu tena baadaye. Ujumbe huo ungeweza kumweleza sababu kuu 2 au 3 zilizoamua, kwa Kiswahili cha kawaida: ulichelewa kulipa tarehe fulani, mzunguko wako wa miezi 3 umepungua, namba yako ina deni kwa mkopeshaji fulani. Ungeweza kumwonyesha namba ya kubonyeza ili kusahihisha kilicho kosa, na mtu wa kumjibu ndani ya siku zilizotajwa. Makato ya deni yangeweza kuacha kiasi fulani cha chini kisichoguswa, ili fedha ya dawa ipite. Na mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine angeweza kupewa njia rahisi, isiyo na ada, ya kuhamisha laini pamoja na historia yake. Kampuni inayoweza kutuma ujumbe wa matangazo kwa mamilioni ya wateja asubuhi moja ina uwezo wa kutuma ujumbe wa namna hii, na Benki Kuu iliyoweza kuzifungia programu 69 ina mamlaka ya kuuweka kuwa sharti la leseni.